Ufuo Mtupu wa Jumamosi

Jumamosi, 8 Machi 2025

Muhuru Bay imenipenda leo. Hakuna upepo, hakuna watu, hata mbwa! Nimerusha droni ufuo mzima bila mtu kuniuliza kitu. Mradi unatafuta mahali pa kurudisha mafunjo, samaki wapate pa kuzalia. Mama Nyaboke mwenye nyumba yuko kanisani na Wasabato wenzake. Mimi Mkatoliki nimefurahia kimya.

Jumatano, 19 Machi

Ramani imetoka. Ufuo wote wa kaskazini ni mwekundu: mchanga mtupu, hautumiki. Bosi wangu Caleb amefurahi, ameagiza nguzo na waya za kuuzungushia ua. Nikafurahi naye.

Mchana nikashuka kununua omena, dagaa wa ziwani. Nikajikuta nimesimama kwenye ule wekundu wangu — nyavu zimetandazwa kote, omena wakianikwa juu yake, akina mama wameinama wanageuza. Mama Nyaboke akanionyesha kipande chake. Omena wa hapa ndio waliolipia watoto wake karo, akasema. Siku ya Sabato, yaani Jumamosi, wanakunja kila kitu.

Nilijua! Naishi kwa Msabato! Mjinga mimi.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemwambia Caleb. Anasema maneno si data, nilete picha mpya Jumatatu, la sivyo ua unaanza Jumanne. Nguzo zimeshashushwa ufuoni. Akina mama wameziona, wanasema kidege changu kimewaibia ufuo. Kweli tupu.

Jumapili, 23 Machi

Nimemweleza Mama Nyaboke kupitia mlango: kesho anikeni kama kawaida, msiogope droni. Akakaza komeo. Nimelia kama mtoto.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeketi juu ya boti iliyopinduliwa.

Asubuhi nyavu zilijaa ufuo. Nikamshukuru Mungu — mapema mno. Droni iliponguruma tu, mmoja akapiga mayowe, wote wakaanza kukunja. Omena na mchanga pamoja, mbio!

"Acheni zikae! Nawaomba, acheni zikae!"

Hakuna aliyegeuka. Picha nimeziangalia. Mchanga mtupu, mtupu kuliko ule wa Jumamosi. Hawa watu nimewamaliza kwa mikono yangu.

Betri moja imebaki. Mama Nyaboke peke yake hajakimbia. Amesimama katikati ya wavu wake, omena miguuni, jiwe mkononi.

"Marion! Leta hiyo kitu yako tena hapa juu, utaona!"

Wavu mmoja. Ndiyo picha pekee ninayoweza kupata, na nikirusha droni, atatupa jiwe. Caleb anapiga simu. Sijashika. Anapiga tena —