Mzee Shomari Amepiga Hodi

Ijumaa, 3 Mei 2024
Redio inasema kimbunga kinakuja Pwani. Kimepewa jina la mwanamke — Hidaya. Dada Nyamizi yuko Kilwa, mwaka wa pili sasa, anafundisha shule ya msingi. Jioni alipiga kwenye simu ya bibi. Upepo umeanza, mabati yanalia, ila tusihangaike. Halafu: nipe mdogo wangu. Bibi akaninyooshea simu. Nikatikisa kichwa! Mimi na simu, sauti inakwisha kabisa. Bibi akamwambia naoga. Mzee wa kanisa mzima, amedanganya kwa ajili yangu.
Kwenye jiografia nilichora kimbunga, jicho katikati, maelezo yote kwa Kiingereza. Nilipata vema zote. Sikuchora bati hata moja.

Jumamosi, 4 Mei
Simu ya dada haipatikani. Nimejaribu mara kumi na nne. Hapa kwetu Isevya, mbali na bahari, jua kali, nguo zinakauka mara moja. Naona aibu kuzianua.
Asubuhi alikuja jirani yetu, Mzee Shomari. Mzaramo. Babu wa babu yake alikuja na misafara ya zamani, babu zetu wakiwa wabeba mizigo, akabaki. Kwa hiyo ni mtani wetu sisi Wanyamwezi. Huwa hapigi hodi, anatukana tu: nyie wapagazi, mzigo wangu mmeutupa wapi? Bibi naye: toka hapa, Mzaramo uliyeshindwa kurudi kwenu! Kisha wanakunywa chai.
Leo kapiga hodi. Kavua kofia. Habari za asubuhi, Mama Yustina?
Bibi alibaki na kikombe hewani. Mzee alipoondoka, bibi akasema polepole: Shomari ananiheshimu. Nyamizi wangu ana nini?

Jumapili, 5 Mei
Kanisani bibi hakuimba. Redio inasema nyumba zimeezuliwa huko Kilwa, barabara imekatika.
Nilimuuliza, mbona msibani ndiyo watani hutania zaidi? Babu alipofariki, Mzee Shomari alivaa koti la marehemu, akaketi kwenye kiti cha marehemu, akaanza kudai ugali. Tulicheka huku tunalia. Bibi akajibu: angejua dada yako amekufa, angetania. Angejua mzima, angetania. Hajui kitu, ndiyo maana ana adabu.
Jioni Mzee Shomari akaja tena. Adabu tele! Amempata mpwa wake Shaban, fundi pikipiki wa hukohuko Kilwa, kabla mtandao haujakatika tena. Shaban ataenda kwa miguu hadi shuleni kwa dada.
Nakiri hapa tu: nimejifungia bafuni, nikafanya mazoezi ya kusema "haloo, dada" kwenye ndoo ya maji.

Jumatatu, 6 Mei
Sijaenda shule. Bibi anapepeta mchele uleule mara ya tatu. Mimi niko dirishani na daftari.

Kelele nje — Mzee Shomari! Wapagazi! Fungueni, wavivu wakubwa nyie!
Ungo umeanguka. Mchele wote chini. Bibi kanishika bega, ananiumiza. Anatania. Lakini utani gani? Wa chai, au wa koti la babu? Hatusogei.
Namwona. Kofia kaiweka upande. Simu kaiinua juu ya kichwa.
Yuko wapi mpagazi mdogo? anapiga kelele mtaa mzima unasikia. Kuna mtu hapa anasema leo hataki kuambiwa unaoga!
Bibi ananisukuma mlangoni. Daftari bado mkononi. Naenda hivyo hiv—