Ruhusa ya Kwenda kwa Baba

Ujerumani, 4 Februari 2024

Mama mpendwa, shikamoo. Baba naye mfikishie shikamoo yake. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitesa. Baba mdogo Rogasian kafanya vema kukupa simu. Mtandao wa kuongea haushiki huko, basi tuandikiane ujumbe.

Kazi ya kutunza wazee nimeizoea, watu bado. Jana nimemsalimu mkubwa wetu, Bi Helga, nikamuuliza na watoto wameamkaje. Akatazama saa! Jamani, nimecheka peke yangu.

Mwanao, Priscila

Nyamahanga, 19 Mei 2024

Marahaba, mwanangu. Hatujambo, ila baba yako amevimba miguu, hospitali wanasema ni moyo. Uji anakunywa vijiko viwili. Maharage nimevuna bila yeye. Pikipiki ikipita tu, anauliza, "Ni Priscila?" Usiwe na wasiwasi, wewe fanya kazi.

Mama yako

Ujerumani, 2 Juni 2024

Shikamoo, Mama. Nimesoma, nimeelewa. Nitaachaje kuelewa?

Nimekwenda ofisini, nimemweleza Bi Helga kuwa baba anaumwa sana, na mimi ndiye mtoto wenu wa pekee. Akanipa pole, akashukuru kwa kumweleza. Nikabaki nimesimama. Kuomba sikuomba, Mama. Mkubwa akishaambiwa jambo kama hilo, si husema mwenyewe, "Nenda kamwone mzazi"? Nasubiri aniite. Mwambie baba nakuja.

Mwanao, Priscila

Ujerumani, 7 Julai 2024

Mama, pole. Nami nipe pole. Tangu Rogasian alipoleta habari, chakula hakipiti.

Leo nimelia kazini mbele za watu. Bi Helga akauliza kulikoni. Niliposema baba kazikwa jana, alikaa chini. "Kwa nini hukuomba ruhusa? Ningekupa siku ileile!" Wiki tano, Mama! Mimi namsubiri aseme, yeye ananisubiri niombe. Sasa ruhusa ninayo, na naona aibu kuja. Nitaingiaje hapo mlangoni?

Mwanao

Nyamahanga, 15 Julai 2024

Pole nawe, Priscila. Matanga tumeanua, majirani wamerudi mashambani.

Kosa si lako peke yako. Nilijua baba yako hafiki mavuno ya mahindi, nami nikakuandikia usiwe na wasiwasi. Niliogopa kukuita, usije ukafukuzwa kazi. Nikasema moyoni, mtoto ataelewa.

Uji bado napika wa watu wawili, wa baba yako nampa mbwa.

Mlango uko wazi, mwanangu. Nakuomba uje.

Mama yako