Redio Mupya ya Baba

Mujukuu wangu Odile, jambo sana. Mama yako iko muzima, na huku Karavia mvua imeanza.

Unaniuliza kama ubadilishe telefone, kwa sababu bei inapanda kila mwaka. Wakati nilikuwa kijana, baba yangu aliuzisha kinga yake, baiskeli ya kwenda nayo kazi ku mine, kule mugodini, akanunua redio mupya. Ile ya zamani akapatia jirani. Mangaribi ya kwanza tulikaa bote kuisikiliza, nayo ikatangaza kama bantu bengi ba mine batafukuzwa kazi.

Baba akasema, "Sauti iko safi."

Kupitia ukuta, redio yetu ya zamani ilikuwa inasema maneno ile ile.

Telefone uko nayo ingali muzima, lakini tangu Pasaka haujaniita nayo. Ile mupya njo itakukumbusha namba yangu?

Kambo yako, babu