Ndege ya Kitambaa Aliyoishona Mumbua

Baba Mumbua wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwa kiti cha plastiki kando ya uwanja wa ndege, ule mdogo wa udongo wa murram huku mbele ya Kiboko. Usicheke mwandiko, naandikia magotini. Mtoto wetu anapanda ndege leo. Si ile ya kusafiri, ile ya watu kupewa soda. Ni ndege ya zamani, ndege ya kitambaa, na hicho kitambaa amekishona yeye.

Naona umekunja uso. Ngoja nikueleze.

Tangu ule ugonjwa wa kifua ukuchukue, Mumbua aliendelea na kazi uliyomwachia mikononi. Alikuwa anashona viti vya magari hapo Malili, mpaka siku mwanamume mmoja wa makumbusho ya ndege za zamani huko Nairobi alimletea kiti kimechanika. Akamwona vile anafunga fundo. Akauliza, "Hii umefunzwa na nani?" Mtoto akamwambia, "Na baba. Alikuwa fundi wa turubai za malori." Hivyo tu, akaitwa kazi.

Sasa niambie, ni nani mwingine Kilungu nzima ana mtoto wa kushonea ndege mabawa? Makueni yote ni nani? Na watu wa Kitui wasijaribu hata kubisha. Nimesema sokoni, nimesema kanisani, nimesema hata kliniki nikipimwa presha. Nesi akaniambia presha imepanda. Nikamwambia hiyo si presha, ni maringo.

Lakini kusema ni kusema tu, Baba Mumbua. Kichwani mwangu ndege ilikuwa chuma. Nilidhani hayo mabawa anayoshona ni vifuniko vya kuzuia vumbi, kama kile ulichoshonea redio yako. Halafu juzi akanipeleka kwa lile banda lao la mabati nikaione. Asi! Ina mabawa juu na mabawa chini kama kitanda cha watoto wa bweni, na yote ni nguo. Nguo iliyovutwa juu ya mbao nyembamba, ikapakwa rangi fulani inayonuka kama ile wasichana wanapaka kucha.

"Gonga, Mwaitu," akaniambia, bado haniiti Mama kama watoto wa mjini. Nikagonga kwa kidole. Ikalia kama ngoma.

"Hii kitambaa ni ya zamani?"

"Kitambaa ni mpya. Mifupa, hizi mbao, ndiyo ya zamani. Hii ndege imezaliwa kabla ya baba."

Na akacheka, na mimi nikashika ukuta wa mabati. Kwa sababu hapo ndipo aliniambia kwamba huko kazini kwao, ndege ikishatengenezwa, fundi aliyeitengeneza hupanda nayo siku ya kwanza ya kuonyeshwa watu. Nikamuuliza kama ni lazima. Unajua alinijibu nini? "Mwaitu, kama mimi siwezi kukalia mshono wangu, rubani nitamwambiaje aukalie?"

Maneno yako hayo. Sauti yako kabisa, hata vile ulikuwa unainua kidevu.

Unakumbuka zile nguzo mbili nyuma ya nyumba? Ulikuwa ukimaliza turubai unaifunga huku na huku ikaning'inia kama bembea, unamchukua Mumbua mdogo hivyo, unamweka katikati na kumsukuma. Dereva amesimama pale, haraka imemjaa, lori linanguruma barabarani. "Mshono nisioweza kumwekea mtoto wangu, simpi mtu." Mtoto anapiga kelele za furaha. Mimi najifunika uso na leso. Na siku nguzo moja ilipooza ikaanguka, ulinifanya mimi nguzo. Ukanishikisha upande mmoja, wewe ukashika wa pili, tukambembeza, na bado nilikuwa nimefumba macho. "Mama Mumbua, fungua, unakosa kuona!" Sikufungua hata mara moja.

Na unakumbuka ile siku nyingine. Turubai ya yule mtu wa kusafirisha mbuzi, kuukuu, imechomwa na jua. Ilipasuka katikati na mtoto akaanguka kwa kokoto akapasuka kidevu. Ulimbeba mbio mpaka zahanati bila viatu. Jioni ulikaa unapitisha vidole kwa hiyo turubai, ukaniambia kwa sauti ndogo, "Mshono ulishika. Ni nguo iliyozeeka." Ile alama bado iko kidevuni mwake. Naiona kila akicheka, na siku hizi anacheka sana.

Kwa hivyo, Baba Mumbua, mimi sina shaka na uzi. Uzi naujua. Ninaogopa mifupa.

Na sina mahali pa kuogopea! Mdomo wangu umeleta akina mama wote wa chama. Wamekodi gari, wamevaa leso za rangi moja, wamenizunguka hapa kama mimi ndiye bibi harusi. Mama Kioko ndiye mbele, unamjua, hajabadilika.

"Ni ile?" akauliza. "Ile ndogo? Mbona inakaa kama mwavuli?"

"Mwavuli wako umewahi kuruka?" nikamwambia.

"Siku ya upepo, ndiyo. Ukavunjika."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka nao.

Asubuhi nilienda mpaka kwa ile kamba ya kuzuia watu. Mumbua akanijia na ovaroli yake, nywele amefunga, mikono inanuka ile rangi. Nilikuwa nimepanga maneno tangu nyumbani. Nilitaka kumwambia, usipande, mwanangu, ninakuomba kwa jina la baba yako. Akina mama walikuwa nyuma yangu wametega masikio. Nikamtazama kile kidevu.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Nimekula, Mwaitu."

Basi. Hayo tu ndiyo yaliyotoka.

Kipaza sauti kinasema ni zamu yao. Namwona anapanda kiti cha nyuma ya rubani, anafunga mkanda. Wameshazungusha ile pangaboi ya mbele. Inakohoa. Imezima. Wanazungusha tena. Ngai wakwa, Mungu wangu. Imeshika. Naweka kalamu chini.

*

Imeshuka. Nianze na hapo nisikutese.

Ilikimbia kwa murram ikitimua vumbi jekundu, inaruka-ruka kama mbuzi, nikasema haiwezi, haiwezi, halafu ikaweza. Ikapanda. Ikawa ndogo kama panzi. Ikazunguka upande wa vilima, na sauti ikapungua, ikapungua, mpaka watu wote wakasimama, hata Mama Kioko. Nilikuwa nimejifunika uso na leso. Nikangoja kishindo. Badala yake nilikusikia wewe, na usiniambie ni jua: "Fungua, unakosa kuona."

Nikafungua.

Ilikuwa inarudi, chini chini, inatupitia juu ya vichwa. Nikaona tumbo la bawa. Mistari ya mshono, mmoja baada ya mwingine, imenyooka kama matuta ya shamba lililolimwa na ng'ombe mwenye adabu. Hakuna uliopinda. Na nyuma kabisa kichwa kidogo, na mkono unapunga, mdomo uko wazi. Baba Mumbua, alikuwa anapiga kelele. Zile zile za turubai. Sikuzisikia kwa sababu ya injini, lakini ninazijua.

Magurudumu yalipogusa chini akina mama walipiga vigelegele mpaka askari akageuka.

"Wewe hukuogopa?" Mama Kioko akaniuliza, na machozi yanamtiririka mashavuni yeye mwenyewe.

"Kuogopa nini?" nikasema. "Huyo ni damu yangu. Tumezoea."

Mumbua akaja, amejaa vumbi, akanikumbatia. Halafu akaona leso. Pindo lake nilikuwa nimeling'ata mpaka likachanika.

"Mwaitu, hii imefanywa nini?"

"Panya."

"Panya wa hapa uwanjani?"

Hakunicheka. Alikaa kwa nyasi, akatoa kwa mfuko wa ovaroli uzi ule ule wa bawa, uliopakwa nta, akaishona leso mbele ya kila mtu. Alipomaliza akashika huku na huku, akaivuta kwa nguvu, jinsi ulivyokuwa ukifanya. Haikuachia.

"Itafika Kitui," akasema.

Kwa sababu kuna maonyesho mengine Kitui, na anapanda tena. Na ameniuliza, taratibu, kama ningekubali siku moja afunzwe kurusha ndege mwenyewe. Nimemwambia nitafikiria. Nimeshawaambia akina mama kwamba anajifunza.

Wewe peke yako ndiye unajua ninavyoogopa. Watu wanakunja viti na mimi bado nimekaa, nimeshika huu mshono kwa vidole viwili. Zile nguzo hazipo tena. Tumebaki mimi na wewe. Shika upande wako huko uliko, usiuachilie. Wangu nimeushika, na macho nimeyafungua.

Ni mimi, nguzo yako ya pili,
Mama Mumbua