Waseme na Bosi Hawapatani

Baba, shikamoo.

Nimechoka. Hukupenda mtu azungukezunguke, kwa hiyo naanza na hili: mbwa wako na mbwa wangu hawapatani, na tangu uondoke naishi kama askari magereza hapa nyumbani kwangu Nkuhungu. Huyu akitoka uani, yule anaingia stoo. Yule akitolewa, huyu anafungwa nyuma ya choo. Wajukuu zako hawafungui mlango kabla ya kuuliza, "Mama, nani yuko nje?"

Uliniomba kitu kimoja tu siku zile za mwisho, ukiwa huwezi hata kushika kikombe. "Waseme usimpe mtu." Nikaitikia harakaharaka, maana niliona jambo dogo. Mbwa mzee, amechunga ng'ombe Hombolo maisha yake yote, atasumbua nini? Matanga yalipokwisha nikampakia kwenye pikapu pamoja na magunia ya karanga, tukaja naye mjini. Bosi sikumfikiria kabisa. Kibaraza cha jikoni ni chake tangu akiwa mtoto, na hakuna aliyemwomba ruhusa.

Wiki ya kwanza walinusana tu. Wiki ya pili wakaumana. Waseme alimchana Bosi sikio, Bosi akamwangusha chini mzee wa watu, na mimi nikaingiza mikono katikati. Najua ungesema nini. Nikang'atwa kiganja, hata sijui na yupi. Nikachomwa sindano za kichaa cha mbwa, cherehani ikalala wiki mbili. Mkweo hakugomba. Aliitazama bandeji akasema, "Mama Neema, mwisho wa mwezi Waseme arudi kijijini, apewe yeyote anayemtaka. Bosi ni wa watoto." Unamjua, akisema polepole ndiyo amemaliza.

Nilijaribu kila nilichojua. Niliwatenganishia vyombo, mmoja akila jikoni, mwingine getini. Niliweka ndoo ya kuwamwagia wakishikana, na maji yetu ni ya mgawo, kwa hiyo sare za shule zikakaa chafu kwa ajili ya mbwa. Nilimchapa Bosi kwa ufagio, akazidi ukali. Waseme nilimbembeleza, nikamwita mfiwa mwenzangu, nikampa yeye kwanza kila kitu, mwenzake akitazama. Hilo nalo lilikuwa kosa, lakini si lile kubwa.

Kosa kubwa ni koti lako.

Naungama, Baba. Siku ya kugawa nguo zako, Baba Mdogo alisimama akilingojea lile koti la kahawia. Ni haki yake, ndugu yako wa tumbo moja. Nikasema silioni. Lilikuwa ndani ya gunia la karanga, nimelificha mwenyewe. Lilinukia tumbaku yako na moshi wa zizini, na sikuweza kulitoa. Nilipofika mjini nikamtandikia Waseme palepale kibarazani pa Bosi, nikajiona nina huruma.

Akaja daktari wa mifugo, binti mmoja mpole. Akaniuliza huwa wanapigania wapi, nikamwonyesha. Akachuchumaa.

"Hili koti la nani?"

"La marehemu baba."

"Mama, huyu mzee analinda mali, na mwenzake amenyang'anywa kwake. Liondoe. Kila mmoja apate pake pa kulala, wasionane wakati wa kula, na muwe mnawatembeza pamoja huko nje, ambako si kwa yeyote."

"Na nisipoliondoa?"

"Basi utachagua mbwa mmoja."

Siku nne nililiacha. Kila nilipopita niliinama nikalinusa, na lilikuwa limeshabaki na harufu ya mbwa tu. Siku ya tano nikalifua, nikalipiga pasi, nikalipeleka Hombolo. Nilimpigia magoti Baba Mdogo, nikamweleza ukweli wote. Alilivaa, mikono ikamwishia juu kidogo ya vifundo. "Nilikuona ukilificha," akasema. "Nilisema nikuache kwanza." Kisha akaulizia chai.

Waseme alilitafuta siku mbili, akizunguka kibaraza na kunusa sakafu. Siku ya tatu akakubali gunia nililomtandikia getini. Jioni tunawatembeza hadi relini na kurudi, mimi na Waseme upande huu wa barabara, mkweo na Bosi upande ule, kwa uso wa mtu aliyeburutwa kwenda harusini. Mwanzoni walikoromeana njia nzima. Siku hizi wanakoroma wakitoka tu, halafu kila mmoja anashughulika na harufu zake. Wakiwa uani bado nawafungia kwa zamu, na bado nachoka. Ila hawajaumana tena.

Jumamosi, siku ya mwisho wa mwezi, niliamka nimejipanga kubishana. Nilikuwa na maneno yangu yote tayari. Mkweo aliporudi kutembea alimfunga Bosi, akatoka na bakuli la maji hadi getini, akamwekea Waseme. Akasimama pale akimtazama akinywa. "Huku kuna upepo sana," akasema. "Kesho nitamjengea kibanda."

Nikaingia chumbani nikalia, Baba. Sikuwa nimekulilia. Siku ya mazishi yako nilikuwa jikoni, kila mtu ananiuliza chumvi iko wapi, wageni wa Kibaigwa wamekula au bado, na waliponiita kuweka udongo mikono yangu ilikuwa na unga, nikatupa nikarudi kwenye masufuria.

Pumzika sasa. Sikudanganyi, hawa wawili hawatapendana, nami nitaendelea kufunga huyu na kufungua yule hadi mmoja wao azeeke kabisa. Lakini Waseme haendi kwa mtu. Na siku yake ikifika, nitamchimbia shimo mwenyewe, nitamfukia mwenyewe, na nitakaa pale kadiri nitakavyotaka. Siku hiyo chumvi wataitafuta wenyewe.

Mwanao,
Yudithi