Mvumo wa Kifuani

Dada yangu mpendwa Zenebech,

Nakujulia hali wewe, shemeji na wanao huko Dessie. Nafaka ya tefu mmeshaivuna? Na goti lako limepoa? Sisi tu wazima, na safari hii neno hilo naliandika kwa uzito wake.

Nilikuficha jambo. Tangu masika yaishe, sikuweza kupanda kilima cha kanisani bila kifua kunibana kama nimefungwa mkanda. Jirani yangu Askale alinitania tukinywa kahawa: "Yeshi wee, huo si ugonjwa, ni hiyo mikate ya injera unayoila badala ya kuiuza." Nikacheka naye. Lakini siku nilipoanguka kando ya jiko, mume wangu Wubishet alinikimbiza hospitali bila hata kuvaa viatu.

Daktari Mulunesh alinisikiliza kifua, akasikiliza tena. Nikapigwa picha za moyo. Alinionyesha kwenye skrini mishipa inayoulisha moyo, na pembeni yake kishipa kilichojipindapinda kama mzizi. Nilizaliwa nacho. Kilitoka kwenye mshipa wa moyo kikaingia kwenye ule uendao mapafuni, hivyo kila pigo moyo uliibiwa damu yake. Alisema wapo wanaozeeka nacho bila kujua. Dada, nilisahau hata kuogopa. Kitu hicho kilikuwa ndani yangu tangu tumboni mwa mama, na hakuna jicho lililowahi kukiona.

Walipitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa pajani mpaka moyoni, wakakiziba nikiwa macho. Niliona kwenye skrini damu ikiacha ile njia ya wizi. Nilijikuta nikifanya ishara ya msalaba kwa mkono uliokuwa huru.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Tuliporudi nyumbani, Wubishet alilaza sikio kifuani pangu, akasikiliza, machozi yakamtoka. Nikamwuliza kulikoni.

"Ule mvumo haupo tena," akasema. "Tangu tuoane nalala nikiusikia, kama maji yanayopita chini ya mawe. Nilidhani kila mke anasikika hivyo."

Mimi niliyeishi nao maisha yangu yote sikuwahi kuusikia hata mara moja.

Bado hajazoea kulala katika ukimya huu. Hugeuka, akasikiliza, akanishika mkono.

Msalimie shemeji na uwabusu watoto. Mungu akutunze mpaka tuonane.

Mdogo wako akupendaye,
Yeshimebet