Mikono Niliyoambiwa Niifiche

Jumamosi, jioni. Mvua ya mchana imepita na mawe yake, sasa ni baridi. Nimerudi chumbani kwangu mtaani Amalemba, nimeoga kwa maji vuguvugu, nimejipaka mafuta mazito mpaka shuka linaninata. Viwiko vinawaka. Shingo inawaka. Moyo umetulia.

Niandike kabla sijaanza kujihurumia.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: nina ukurutu, ule ambao hospitalini wanauita ekzema. Niko nao tangu nikiwa wa kunyonya. Kuna miezi unalala, ngozi inabaki na alama nyeusi tu. Kuna wiki kama hii unaamka: vidole vinapasuka, mikunjo ya viwiko inatoa maji, na nikivua nguo magamba yanaanguka kama unga. Tena mimi ni fundi cherehani. Vumbi la vitambaa liko nami kutwa, na huwezi kumwambia mteja kwamba kitambaa chake kinakuwasha.

Leo ilikuwa siku ya mahari ya mdogo wangu, Mmbone, nyumbani kwetu karibu na Khayega. Mimi ndiye niliyeshona sare ya wanawake wa nyumba yetu, magauni sita ya satini ya zambarau. Matano yalikuwa na mikono mifupi. La sita, langu, lilikuwa na mikono mirefu mpaka kwenye vifundo.

Hilo lilikuwa agizo la Senge Rosa. Senge ni dada yake baba, na tangu baba afariki, neno lake ndilo la mwisho kwetu. Alinipigia simu wiki mbili zilizopita, kwa sauti ya upole kabisa.

"Lako ulishone mikono mirefu, mama. Halafu siku yenyewe ukae tu jikoni. Hao watu hawatujui bado."

Nilisema sawa.

Naliandika hili kwa aibu. Nilipima, nikakata, nikashona, nikalijaribu mbele ya kioo. Satini haipitishi hewa. Baada ya dakika kumi nilikuwa najikuna mpaka damu.

Na si kwamba sikuwa na funzo. Nikiwa na miaka ishirini na miwili, jirani aliniambia uso wangu unafukuza wachumba, nikamsikiliza, nikanunua sokoni tyubu ya krimu isiyo na jina. Wiki tatu nilikuwa laini, nikapiga picha nyingi. Halafu ngozi ikawa nyembamba kama karatasi ya kufungia maandazi, na nilipoacha kupaka, kila kitu kilirudi maradufu. Daktari wa ngozi aliniambia ile ilikuwa dawa kali, haipakwi usoni hivi hivi. Tangu hapo nina masharti yangu. Dawa ni ile aliyoniandikia yeye, kwa siku alizosema. Mafuta yasiyo na harufu, nipake nikitoka tu kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Na mwilini, pamba.

Na bado Senge aliposema mikono mirefu ya satini, nilisema sawa.

Asubuhi ya leo, chumbani kwa mama, Mmbone alikuwa kitandani anasubiri kupakwa poda. Nilimwuliza, bila hasira, kama alijua kuhusu ile mikono mirefu.

Aliangalia kucha zake. "Senge aliniuliza. Nikamwambia ni vizuri."

Huyu ndiye niliyemfundisha kusoma saa. Ndiye aliyekuwa akinishika mikono tukiwa watoto ili nisijikune usingizini.

Nilivua gauni, nikatoa mkasi kwenye mkoba, nikakata mikono yote miwili juu ya viwiko. Nikaipinda kwa sindano, haraka haraka, nikavaa tena. Mama akaingia, akaona vipande vya satini sakafuni. Akainama, akaviokota, akavikunja taratibu.

"Maji ya kunawa yamepata moto," akaniambia. "Jagi liko mezani."

Basi nikachukua jagi na beseni, nikaingia sebuleni kwa wageni.

Wa kwanza alikuwa mzee wa kofia, baba mdogo wa bwana harusi. Alinyoosha mikono, akaona yangu, akairudisha yake magotini.

"Hii kitu inaambukizanga?"

Senge Rosa alikuwa mlangoni, amenikazia macho.

"Haiambukizi, mzee," nikasema. "Ni ngozi yangu inakasirikanga haraka. Mimi na bibi harusi tumelala kitanda kimoja miaka kumi na mitatu, na mtamwona akitoka, hana hata kipele. Mmekuja kutujua. Mimi ndiye kifungua mimba wa nyumba hii."

Mzee alisimama, akatoka nje kunawa kwenye tangi. Mvua ilikuwa imeanza. Sikumfuata.

Nilisogea kwa aliyekuwa kando yake, mama yake bwana harusi. Aliviangalia vidole vyangu kwa muda mrefu.

"Inauma?"

"Leo inauma, mama."

Akanyoosha mikono, nikammwagia. Wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine. Mzee alirudi kofia imelowa, akala obusuma, ugali wetu, na kuku vizuri tu, hata akaongezwa mchuzi. Mazungumzo yakaisha kwa makubaliano. Hakuna aliyevunja uchumba kwa sababu ya viwiko vyangu.

Senge hakuniaga. Itakuwa hivyo kwa muda, na nitavumilia.

Mmbone alinifuata mpaka barabarani nikisubiri bodaboda. Macho yalikuwa mekundu.

"Niliogopa watasema ni ya ukoo," akasema. "Eti watoto wangu watatoka nayo."

Ningeweza kumdanganya, na labda dada mwema angefanya hivyo. Lakini daktari aliniambia wazi kwamba hutembea kwenye familia.

"Wanaweza kutoka nayo," nikamwambia. "Mmoja akitoka nayo, mlete kwangu. Nitakuonyesha vile anapakwa mafuta. Nitamshonea nguo za pamba, za mikono mifupi. Na mtu akimwambia akae jikoni, uniite."

Akacheka huku analia. Nimemsamehe nusu. Nusu nyingine itachukua muda wake, na sitaiharakisha ili watu wastarehe.

Sasa jambo moja la mwisho. Nimeandika kwenye blogu hii miaka minne, na picha zangu zote zinaishia mabegani. Rudini nyuma mtaona. Kabla ya mwanga kuisha jioni hii nilisimama dirishani, nikaipiga mikono yangu picha, kutoka viwikoni hadi kwenye ncha za vidole, mipasuko na yote. Sikurekebisha rangi.

Iko hapo chini. Itazameni mnavyotaka.